Mkwe Yuko Sitaha ya Juu

Winnie alipomnunulia mama yake tiketi ya likizo kwenye meli kubwa, alisahau kumwambia jambo moja dogo: kwamba mumewe naye anakwenda. Labda hakusahau. Watoto wa siku hizi husahau pale inapowafaa.

Justa aligundua mwenyewe akiwa tayari bandarini Mwanza, begi mkononi na kitenge kipya kiunoni. Mbele yake kwenye foleni ya kupanda aliona kisogo anachokifahamu kuliko kisogo chochote duniani. Kilikuwa cha Masele, fundi friji wa Mkuyuni, mkwe wake. Aligeuka upesi akaukabili ukuta wa ofisi ya tiketi, akalisoma tangazo la kutotupa takataka ziwani kana kwamba atafanyiwa mtihani.

Katika ukoo wao kule Magu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawapishani kwenye njia nyembamba. Masele akija kusalimia, Justa huhamia jikoni, na salamu zinapitia kwa Winnie au kwa mjukuu. Hata kwenye picha ya harusi Masele alikuwa ameinamisha kichwa kama anayetafuta kifungo kilichodondoka. Dawa ya kuimaliza miiko hiyo ipo: mkwe anamletea mama mbuzi, anamkabidhi kwa mkono wake mwenyewe, basi uso umefunguliwa na mnakaa meza moja. Ila Masele alikuwa akingoja dalili kwamba mama yuko tayari, asije akaonekana anamharakisha. Justa naye alikaa kimya, asije akaonekana anadai mbuzi. Wakangojeana kwa adabu miaka saba. Adabu nayo ikizidi ni ugonjwa.

"Winnie, umenifanya nini?" Justa alimnong'oneza binti yake aliyesimama kando, uso ungali ukutani.

"Mama, ile meli ni mtaa mzima! Ina ghorofa, ina ukumbi, ina mgahawa. Hamtaonana hata mkitafutana."

Justa alitaka kurudi Magu palepale. Lakini akalitupia jicho lile jumba jeupe lililokaa juu ya maji, na moyo ukagoma kurudi. Maisha yake yote alikuwa amelima mpunga huku ziwa likimtazama kwa mbali. Maji yake amekunywa, sato wake amewala, lakini kusimama katikati yake hajawahi hata siku moja. Hii ndiyo ilikuwa likizo yake ya kwanza tangu azaliwe, na aliitaka kama mtoto anavyoitaka soda ya Krismasi. Akafunga kitenge vizuri, akapanda.

Kebini yake ilikuwa na vitanda viwili. Kwenye kimoja alimkuta mama mmoja wa Kihaya, Prudencia, mwalimu mstaafu aliyekuwa akirudi kwao Bukoba. Alikuwa amesafiri na meli tangu enzi za mabati yenye kutu, na ushauri ulikuwa ukimtoka bila kuombwa.

"Umepata chumba kizuri, dada. Kiko chini na kiko katikati. Huko mbele juu ndiko meli inakorusha watu," alisema huku akipanga vitu vyake. "Vya kulalia na dawa zako ziweke kwenye kibegi kidogo, hilo kubwa lisukumie chini ya kitanda ulisahau. Viatu vya visigino havifai humu. Na mgahawani usijaze sahani siku ya kwanza, chakula cha meli kesho kipo, ila tumbo lako ni lilelile moja."

"Na likichafuka?"

"Tafuna tangawizi. Usiyatazame mawimbi, tazama mlima wa mbali ambao hausogei. Halafu alfajiri panda sitaha ya juu kabla wenye simu zao hawajaamka. Hapo ndipo utaliona ziwa."

Sitaha ya juu! Justa akatabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni. Winnie alikuwa ameshamwambia kwamba kebini ya Masele iko hukohuko juu. Itakuwaje akifika pale alfajiri amkute mkwe amesimama anapunga hewa? Atakimbilia wapi, majini?

Hakupata muda wa kulijibu hilo. Honi ililia kwa vipande vipande, na sauti ikatangaza kwamba kabla ya kung'oa nanga abiria wote watafanya zoezi la kujiokoa. Kila mtu aende alipopangiwa, avae jaketi, ahesabiwe.

"Hili usilikwepe," Prudencia alisema, akimshika mkono. "Mtu wa meli anaijua njia ya kwenye majaketi kabla hajaijua njia ya kwenye chakula."

Walipofika, abiria walikuwa wamepangwa kwa mistari kwenye ujia wa ubavuni, mwembamba kama kijia cha shambani. Baharia mmoja aitwaye Chenge alikuwa akiwagawia majaketi ya rangi ya machungwa na kuwaeleza wavae wawiliwawili, kila mtu akimfungia kamba mwenzake. Justa akainua macho. Kile kisogo! Kiko hatua chache mbele, na nafasi iliyobaki wazi ni ya pembeni yake tu.

Akarudi kinyumenyume, akageuka, akapata mlango wa chuma ulio wazi kidogo, akajitupa ndani. Ilikuwa stoo ya majaketi, yamerundikwa hadi darini. Akajibanza nyuma ya rundo, akamshukuru Mungu.

Nje, Chenge alihesabu watu wake, akahesabu tena. Kipaza sauti kikatangaza kwamba abiria wawili hawaonekani na meli haitaondoka bila wao. Wawili? Justa alijua mmoja ni nani. Huyo wa pili ni mjinga gani tena?

Ndipo aliposikia mtu akihema upande wa pili wa rundo.

"Nani hapo?"

Sauti nzito ikajibu kwa aibu, "Ni mimi, mama. Nilikuona unakuja, nikaingia kwa mlango ule mwingine nikupishe."

Justa alijifunika kitenge kichwa kizima. Masele aligeukia ukuta. Katika meli yote ile yenye ghorofa, ukumbi na mgahawa, walikuwa wamekimbiana mpaka wakaingia tundu moja.

"Mama," Masele aliuambia ukuta, "tufanye hivi. Mimi nitakaa kebini safari nzima. Winnie ameniambia unavyotaka kuliona ziwa. Panda juu, tembea unavyotaka, hutaniona."

"Hapana, baba. Wewe unafanya kazi mwaka mzima. Mimi ndiye nitakaa ndani, nimezoea."

"Mama, siwezi kukubali."

"Na mimi siwezi."

Justa alikuwa hajawahi kuyasikia maneno mengi hivyo kutoka kwa mkwe wake. Kumbe ana sauti ya upole. Kumbe yuko radhi kufungiwa chumbani siku zote za likizo ili mwanamke mzee aone maji. Moyo ulimlainika, na alipofumbua kinywa kikatoka kitu ambacho hakukipanga.

"Baba," alisema ndani ya kitenge, "huko Bukoba mbuzi wanapatikana?"

Alitamani sakafu ya chuma ipasuke immeze. Mwanamke mzima, mama mkwe wa watu, anaomba mbuzi stoo! Kabla Masele hajajibu, mlango ulifunguliwa, mwanga ukaingia, na Chenge akasimama pale akimwangalia mmoja aliyejifunika na mwingine aliyeuinamia ukuta.

"Jamani, kuna nini humu?"

"Ni mkwe wake!" Prudencia, aliyekwisha kudokezwa na Winnie, alipaza sauti kutoka nyuma, mikono kiunoni. "Wanaheshimiana!"

Ujia mzima uliangua kicheko. Chenge naye alicheka, kisha akakumbuka kazi yake. "Heshima zenu nazikubali, mama. Ila siku ya hatari maji hayaulizi nani mkwe wa nani. Ukiitwa, njoo usimame." Wakasimama, migongo imegeukiana, Prudencia akimfungia Justa kamba na Winnie akimfungia mumewe, akikwepa macho ya mama yake.

Meli iliondoka. Usiku Justa alilala kwa shida, na sababu hazikuwa kelele za injini. Alikuwa akijiuliza kama Masele alisikia, na kama alisikia, amemwonaje.

Alfajiri Prudencia alimwamsha wakapanda. Sitaha ilikuwa tupu. Masele alikuwa ameshika neno lake, hakuonekana. Justa alishika chuma cha ukingoni akatazama mbele, nyuma, kulia, kushoto. Maji matupu, ya rangi ya fedha, kila upande! Upepo ukampiga usoni, machozi yakamtoka, akacheka peke yake kwa sauti mpaka Prudencia naye akaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Alikuwa na furaha, basi. Halafu magenge ya mawe ya Bukoba yakajitokeza, na migomba juu yake, na meli ikapiga honi.

Ngazi ilikuwa haijafungwa vizuri pale Masele alipoishuka mbio na kutokomea mjini.

"Anakwenda wapi huyu?" Winnie aliuliza.

Justa alikodoa macho kule alikopotelea. Abiria walishuka kutembea, yeye akabaki ukingoni. Jua likapanda. Prudencia alimwalika kwa kaka yake, mtaa wa Hamugembe, akakataa. Huenda mkwe kaona aibu, kapanda basi, karudi kwake kwa barabara. Mdomo wangu huu, alijisemea.

Kisha kukawa na zogo getini. Masele alikuwa akimvuta mbuzi mweupe asiyetaka kabisa habari za bandari. Shati lilikuwa limemtoka kwenye suruali, na kiatu kimoja kilijaa tope. Alimfikisha mpaka chini ya ngazi, ambapo Chenge alinyoosha mikono yote miwili.

"Huyo hapandi! Meli ya abiria hii, kaka!"

"Sipandi naye. Namleta kwa mama."

"Mama atamlea kebini?"

Justa alikuwa ameshaanza kushuka. Ngazi ilikuwa nyembamba, na mkwe amesimama mwisho wake, lakini safari hii hakutafuta mlango wa kujificha. Masele, kichwa chini, alinyoosha mkono wenye kamba. Justa akaipokea.

"Nimempokea," alisema. "Leo hii anapikwa kwa ndizi huko Hamugembe, na tunakula sahani moja. Inua uso, baba."

Masele akainua uso, polepole, akatabasamu. Katikati ya meno yake ya juu palikuwa na mwanya mpana, mzuri, uleule wa yule mjukuu waliyemwacha Mwanza.

"Yesu wangu!" Justa alipiga kelele, akamshika mkwe wake mashavu yote mawili mbele ya bandari nzima. "Kumbe mwanya ni wako! Na mimi nimewaambia Magu yote kwamba mtoto kaurithi kwa bibi yangu!"