Kwa Nini Barafu Huvunja Dirisha

Haya nilisimuliwa na jirani yangu Lorraine Jumapili iliyopita, tukinywa kahawa baada ya ibada, hapahapa mjini Duluth.

Lorraine ni shabiki wa wale mashujaa wa sinema wanaoruka angani. Huwatungia visa vipya, na kuviweka mtandaoni mashabiki wenzake wasome. Katika visa vyake, adui Barafu huvunja dirisha la shujaa Bi Radi kila wiki. Kwa nini? Wasomaji wakagombana. Mmoja alisema ni kisasi, mwingine akasema ni kaka yake aliyepotea. Msomaji anayejiita Dubu Mzee akaandika: “Hamna akili nyie! Anampenda. Analivunja ili apate sababu ya kuja kulitengeneza.”

Lorraine alicheka, kisha akageuka kutazama jikoni. Bomba la jikoni kwake huharibika kila wiki, na mumewe Roy hulitengeneza kila wiki.

Akamfuata Roy, aliyekuwa kajikunja chini ya sinki. “Dubu Mzee, toka humo!”

Roy akajigonga kichwa. “Nani kakwambia?”

“Bomba. Kumbe unaliharibu mwenyewe!”

“Sasa nifanye nini, mke wangu? Tangu uanze na hao warukaji wako, huniangalii. Bomba likivuja tu, unakuja kunishikia tochi, tunapiga soga.”

“Mzee mzima! Si ungesema?”

“Mbona Barafu naye hasemi?”

Lorraine akachuchumaa, akamshikia tochi mpaka akamaliza. Usiku Roy alitangulia kukoroma. Lorraine akaandika katika kisa kipya kwamba Bi Radi amemfungulia Barafu mlango. Kisha Lorraine akazima taa, naye akalala.