Kosa la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Wietske Terpstra alirudia hesabu mara ya nne, akiomba aliyekosea awe yeye. Hakukosea. Ukurasa wa arobaini na moja, alama ya kutoa iligeuka ya kujumlisha, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyeiona.

Hesabu ilikuwa ya Sybren Hoekema, mwalimu wake, na ndiyo iliyompa jina kote Groningen, huko Uholanzi, na nje yake. Ilipatanisha sheria mbili zinazogombana ndani ya shimo jeusi, ile nyota iliyojiporomokea hadi mwanga wenyewe hautoki. Sheria ya chembe ndogo, kwanta, inasema habari za kitu hazifutiki, hata kikiwa majivu. Sheria ya uvutano inasema kilichotumbukia humo hakirudi, na shimo likivukiza hadi kuisha, habari zake zimekwisha pia. Alasiri hiyo Sybren alikuwa atoe mhadhara wa kustaafu.

Wietske alimpelekea karatasi ofisini asubuhi. Mzee alisoma, kahawa ikapoa.

"Umemwonyesha nani?"

"Hakuna, Mwalimu. Nimeanza na wewe."

"Ungenifanyia hisani hiyo miaka kumi iliyopita." Akacheka bila sauti. "Haya, nenda. Nataka hewa."

Saa saba hakuonekana, wala simu hakupokea. Mkewe, Aaltje, alipoulizwa alisema tu: "Kachukua viatu vyake vya kutembelea tope la pwani."

 Wietske aliendesha gari kaskazini hadi kwenye tuta la kuzuia bahari, akakuta gari la mzee mlango wazi. Maji yalikuwa yamekupwa, tope limetanda hadi macho yanapoishia, na ukungu unashuka. Kila mzaliwa wa pwani ile anajua kwamba maji yakianza kujaa hayakujii kwa mbele tu. Hupita kwenye mikondo na kukuzingira kwa nyuma.

Alimwona mbali, amesimama kaipa mgongo nchi kavu. Akaingia topeni na viatu vyake vya ofisini.

"Mwalimu! Maji yanajaa! Unataka kufa kwa ajili ya alama moja?"

"Nani kakwambia nataka kufa?" Uso wa mzee ulikuwa hauna damu. "Nilikuwa naihesabu upya kichwani. Uko sahihi, binti. Nimeirekebisha, nikaifuata hadi mwisho. Bora nisingeifuata."

"Umepata nini?"

"Moto. Miaka yote nimewaambia watu kwamba mpaka wa shimo ni shwari, mtu angeuvuka asijue. Sasa ukitaka habari ziokoke, mpaka unakuwa ukuta wa moto. Ukiuzima moto, habari zinapotea. Sheria mojawapo inatudanganya, Wietske, na tumezitegemea zote mbili kwa kila kitu."

Wietske akamshika mkono, akamvuta. Walifika kwenye tuta maji yakiwa magotini.

Saa kumi Sybren alipanda jukwaani, suruali ikidondosha tope. Aliandika kosa lake ubaoni, kisha hesabu ya ule moto, mstari kwa mstari.  Mwanamke wa safu ya mbele akauliza:

"Sasa tushike sheria ipi, profesa?"

Mzee aligeuka kutoka ubaoni.

"Sijui. Na kinachonitisha ni kwamba sioni hata pa kuanzia."

Akaweka chaki chini. Hawakumpigia makofi. Wietske, kwenye kiti cha nyuma, aliwaona watu wakivaa makoti.