Suruali ya Mvua ya Baba

Astaman Maharjan hakuwahi kununua nguo ya mvua maishani mwake. Alikuwa mwashi, amejenga nusu ya kuta za mtaa wao wa Patan, na mvua ikimkuta juu ya jukwaa alijitupia mfuko wa nailoni mabegani akaendelea kupanga matofali. Kwa hiyo siku binti yake Rasila alipompeleka kwenye duka la vifaa vya milimani kule Thamel, alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Ingia, Baba. Hawali watu humu."

"Naona. Wanakula mifuko tu."

Mkewe alikuwa amefariki mwezi wa Falgun. Alikuwa ameweka nadhiri ya kupanda mpaka ziwa takatifu la Gosaikunda, aoge siku ya mwezi mpevu wa Saun, msimu wa mvua, ila ugonjwa haukumpa nafasi. Sasa mumewe alitaka kuitimiza nadhiri ile kwa niaba yake. Rasila, aliyekuwa akiuza dawa kwenye famasi karibu na kituo cha basi, aliomba ruhusa kazini ili amsindikize. Mdogo wake Subin, aliyekuwa kazini Osaka, alimwambia kwa simu: "Dada, mlimani Saun ni maji matupu. Baba asilowe. Wewe ndiye uliye naye."

Ndiyo maana Rasila alikuwa amesoma. Kwa wiki nzima alikuwa akisoma kwenye simu habari za suruali za mvua: kitambaa gani kinazuia maji, kipi kinatoa jasho, mishono ipi imezibwa na ipi inavuja. Alifika dukani akiwa na jibu tayari.

Mwenye duka, mwanamke wa kutoka milima ya Solu aliyeitwa Yangji, hakumtazama yeye. Alimtazama mzee.

"Baba, ukilowa, unapenda kulowa kutoka nje au kutoka ndani?"

Astaman akacheka. Rasila hakuwa amemsikia akicheka tangu msiba.

"Nauliza kweli," Yangji akasema, akitandaza suruali nzito ya plastiki juu ya meza. "Hii tone halipiti. Lakini jasho lako nalo halitoki. Unafika umelowa, halafu unailaumu mvua bure." Akaisukuma kando, akatoa nyingine nyepesi, ya kijivu, iliyokunjwa ikawa kama ngumi. "Hii inatoa jasho, wala huisikii begini. Ila zipu yake ni fupi, inaishia kwenye shavu la mguu. Na hii ya tatu ni nzito kidogo, ina kelele, lakini zipu inapanda kutoka kwenye kifundo mpaka kiunoni. Unaivaa juu ya buti bila kuvua kitu."

Astaman aliichukua ile ya tatu. Goti lake la kulia lilikuwa bovu tangu alipoanguka kutoka jukwaani. Aliizungusha kiunoni akiwa amesimama, akafunga zipu upande huu na upande ule, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Ilichakacha kwa kila hatua.

"Naivaa kwa urahisi kama mtu anayefunga mlango," alisema. Alionekana kuridhika.

"Unasikika mpaka Bhaktapur," Rasila akasema. "Tena ni nzito, Baba. Njiani utalalamika begi. Hii nyepesi utaivaa tangu asubuhi, hutahitaji kuivua. Kila niliposoma wanaisifu hii."

"Na goti?"

"Mimi si nitakuwepo?"

Astaman alizifungua zipu taratibu. Zamani angebishana mpaka wateja wageuke kuangalia. Tangu mkewe afe, alikuwa amegeuka mtu wa kukubali kila kitu, na Rasila, ambaye utotoni alitamani baba akubali walau jambo moja, alikuwa hajui la kufanya na baba wa namna hii.

"Kama ni hiyo unayoipenda wewe," alisema, "basi ni hiyo."

Siku waliyotoka kijiji cha Chandanbari kuanza kupanda kulikuwa kweupe, jua likichoma. Njia ilijaa mahujaji: akina mama wa Kitamang na ngoma zao, vijana waliovaa kandambili, wazee waliofunga vyakula kwenye vitambaa. Astaman alitoka jasho ndani ya suruali ya mvua, akakaa chini, akavua buti, akaivua na kuitia begini. Alibaki na suruali yake ya pamba ya siku zote. Rasila, aliyejinunulia nyepesi kama ile, aliiacha ya kwake miguuni.

Walikuwa wameshakipita kituo cha Cholangpati ukungu uliposhuka, na mvua ikaja nyuma yake bila manyunyu, ikaanza kubwa moja kwa moja.

"Ngoja nivae," Astaman akasema. Akatafuta pa kukaa. Mawe yote yalikuwa yakitiririka maji. Alikaa kwenye jiwe moja, akainama kwenye kamba za buti, na goti likakataa. Watu waliwapita wakiwasukuma. Rasila alishika mwavuli juu yake, upepo ukaupindua. Mwanamume mmoja aliyekuwa akishuka alipiga kelele kwamba nyumba za Lauribina zilikuwa pale tu, baada ya kona.

"Baba, inuka. Utavaa huko ndani, penye moto."

"Nimeshafungua kamba moja."

"Ifunge. Ni pale tu."

Astaman alimtazama, akafunga, akainuka.

Baada ya kona kulikuwa na kona nyingine. Mara mbili Rasila aliona paa, na mara zote mbili likawa jabali. Upepo ulikuwa ukitoka bondeni na kuipiga mvua ubavuni mwao. Suruali ya pamba ilimganda Astaman mapajani, na mwanzoni alitetemeka mpaka meno yakagongana. Kisha akaacha kutetemeka, na Rasila, kwa upumbavu wa matumaini, akashukuru.

"Hera," Astaman akasema, "umefunga kuku?"

Hera lilikuwa jina la mkewe.

"Ni mimi, Baba. Rasila."

"Wafunge. Paka yuko nje."

Akakaa katikati ya njia. Rasila alimvuta, hakuinuka. Hapo ndipo alipoitoa suruali begini. Kamba zilikuwa zimevimba kwa maji. Alizing'ata kwa meno, akang'oa buti, akaiingiza miguu ya baba yake kwenye kile kitambaa chepesi mmoja mmoja, kama mtu anayemvisha maiti. Aliivuta juu ya pamba iliyolowa. Haikusaidia chochote. Baridi ilikuwa imeshaingia, naye alikuwa ameifungia humo humo.

Mtu mmoja wa Kitamang alisimama. Alimpa mkewe ngoma yake, akachuchumaa, akasema, "Mpandishe mgongoni."

Kwenye banda la chai walimvua kila kitu, wakamviringisha mablanketi, wakamkalisha karibu na moto. Mwenye banda alimnywesha maji moto ya sukari kwa kijiko. Rasila alimkumbatia kwa nyuma, kifua chake mgongoni mwa baba yake, na akausikia moyo ukienda, ukisimama kidogo kama mtu anayetafuta pumzi kwenye ngazi, ukienda tena.

"Mikono yako inanuka dawa," Astaman akasema. Sauti ilikuwa ya kwake, ya zamani, yenye kero kidogo.

"Nitainawa, Baba."

Alasiri ile ile, mvua ikiendelea, moyo ulisimama na haukuendelea tena.

Mtandao ulipatikana juu ya kilima tu. Subin alipokea mara moja. Alilia kwanza, kisha akauliza: "Alilowa?"

"Alilowa."

"Na wewe?"

Rasila aliitazama miguu yake. "Mimi nilikuwa mkavu kuanzia kiunoni kushuka chini."

Subin akakata simu.

Wanaume wanne waliushusha mwili wa Astaman kwa machela ya mianzi mpaka barabarani. Mahujaji waliokuwa wakipanda walisogea pembeni na kugusa vipaji vya nyuso zao. Kule Patan, ndugu wa guthi, wanaosimamia mazishi ya mtaa, walikataa kumngoja mtoto aliye ng'ambo. Mtoto wa amu yake Subin ndiye aliyewasha moto wa kuchomea maiti, na kuni, kwa kuwa zilikuwa mbichi, zilichukua muda mrefu kushika. Subin alifika majivu yakiwa yameshakwenda na mto.

Siku ya kumi na tatu ya msiba, baada ya wageni kula, alimtaka dada yake asimulie yote tangu mwanzo, mbele ya shangazi zao. Rasila alisimulia. Hakuruka duka, wala hakuruka lile jiwe alikomwambia baba afunge kamba. Shangazi mkubwa akasema ilikuwa siku yake, hakuna ambaye angeizuia.

"Shangazi, nyamaza," Subin akasema kwa upole. "Mwache amalize."

Alipomaliza, Subin aliinuka, akakusanya sahani za wageni moja moja, akazipeleka uani kuziosha. Rasila alimsikia akifungua bomba. Alingoja kidogo, kisha akamfuata, akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akaanza kusuuza. Subin alikuwa akimpa kila sahani bila kumtazama, naye akiipokea.