Krimu Kila Upande

Wifi yangu hajawahi kuniomba radhi kwa jambo lolote, na siku aliyoipaka nyumba yangu rangi ya krimu kuanzia sebuleni hadi chooni alitegemea nimshukuru. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaonong'ona kwamba siku ile nilimtendea ukatili. Hao hawajui nyumba yangu ilikuwaje.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona mapazia na makava ya makochi, na masalio yote ya kazi hiyo, vipande vya vitambaa, vifungo, kamba, huishia nyumbani kwangu. Hapakuwa na viti viwili vilivyofanana. Kulikuwa na kiti cha chuma kutoka zahanati iliyobomolewa, kiti cha kusuka kilicholegea mgongo, benchi nililolivika ngozi ya mbuzi na manyoya yake, na kiti kikubwa cha kinyozi kinachozunguka, hicho kikiwa cha mume wangu peke yake. Ukuta mmoja wa sebule niliuvika vipande vya mazulia. Ukuta wa korido niliupigilia miiko ya mbao, safu moja usawa wa kiuno, kuanzia sebuleni hadi jikoni. Fremu ya mlango wa mbele ilikuwa na vifungo vikubwa vya makoti, ya chumba cha kulala ilizungushiwa mahameli, ya chooni kamba ya katani. Sakafuni nilitandika mkeka kuelekea jikoni na mpira mgumu kuelekea chooni.

Majirani waliniita Mama Viraka, na mimi nikaitika. Wageni waliingia wakashika vinywa. Wifi yangu, kila alipokuja, alisimama katikati ya sebule akazunguka polepole kama mtu anayekagua hasara. "Wifi," aliniambia siku moja, "hii nyumba inaumiza macho." Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa, nami nikamfinya paja anyamaze.

Alicheka kwa sababu haoni. Mume wangu ni kipofu, na nyumba ile ilikuwa ndiyo macho yake.

Macho yake yenyewe hayakuondoka siku moja. Mwanzoni nilihangaika na rangi: mlango wa jikoni nikaupaka nyekundu, wa chooni njano kali inayopiga kelele. Nyekundu ilimponyoka kwanza. Njano ilikaa karibu mwaka mzima. Halafu asubuhi moja akaniuliza kwa nini nimeupaka mlango wa chooni kijivu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia nikamaliza, kisha nikarudi na nyundo na mkebe wa vifungo. Tangu siku hiyo sikupamba tena kwa ajili ya mtu wa kutazama. Nilipamba kwa ajili ya vidole, nyayo na masikio, na kwa kuwa nami napenda vitu vyangu vipendeze, nikavichanganya nilivyotaka.

Kazi yake hakuiacha. Ni fundi baiskeli, na gurudumu analinyoosha kwa kugonga spoki moja moja na kusikiliza. Wateja waliona hawatazami usoni wakasema ana maringo. Tukawaacha waseme.

Aliyefichwa hasa ni dada yake. Mama yao alifariki mume wangu akiwa na miaka minne na yeye kumi na minne. Ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akamsomesha. Hadi leo akija anamuuliza kama amekula. Mara nyingi nilitaka kumwambia ukweli, na kila mara mume wangu alinikatalia.

"Mama watoto, dada ukimwambia leo, kesho yuko hapa na sanduku lake. Atanikatia nyama. Atanishika mkono kwenda chooni. Humu ndani mimi ni mtu mzima, niache hivyo hivyo."

Nikameza maneno yangu kwa miaka mitatu. Kila dada yake alipokuja, mume wangu aliinuka kwenye kiti cha kinyozi, akafuata miiko mpaka jikoni, akarudi na soda na kuiweka mkononi mwa dada yake, akimfuata kwa mlio wa bangili. Dada mtu akaondoka ameridhika. Kwa hiyo uongo ulikuwa wetu, sikatai. Lakini uongo haukumpa mtu ruhusa ya kuingia kwangu na ndoo ya rangi.

Sasa huyu wifi yangu kazi yake ni kupamba kumbi za sherehe. Viti mia tatu anavivisha nguo ya aina moja, anavifunga utepe wa dhahabu mgongoni, anavipanga kama askari. Krimu na dhahabu, dhahabu na krimu. Ni hodari kwelikweli, watu wanamgombania. Ubaya ni kwamba akishafunga kazi ukumbini haachi. Akiona kiti chochote duniani anakiona kiko uchi.

Binti yetu akajifungua mtoto wake wa kwanza. Tukasafiri kwenda kumwona mjukuu, wiki mbili, na ufunguo nikauacha kwa wifi ili amwagilie maua yangu. Safari nzima mume wangu alinishika mkono. Watu walituonea wivu, wakasema wazee hawa wanapendana.

Tulirudi Jumamosi, saa nne asubuhi. Getini aliniachia mkono kama kawaida yake, maana kutoka hapo njia aliijua. Hatua kumi na mbili, ngazi mbili, mkono wa kushoto juu ya vifungo. Nilikuwa nyuma yake na mizigo. Nikamwona anapandisha mkono, unateleza. Akaupandisha tena, akapapasa juu, akapapasa chini. Fremu ilikuwa laini kama sahani. Pua yangu ikapokea harufu ya rangi.

"Karibuni nyumbani!" Wifi alikuwa amesimama sebuleni, amevaa vizuri, amefumbata mikono kifuani kwa furaha. "Msiseme kitu. Zawadi yangu kwenu, babu na bibi wapya. Haiwezekani mjukuu aje kutembelea jalala."

Nilichungulia juu ya bega la mume wangu. Kuta zote krimu. Makochi manne yanayofanana, krimu. Meza ya kioo katikati. Zulia moja limetandazwa ukuta hadi ukuta. Mapazia krimu yamefungwa utepe wa dhahabu, dirishani na kwenye kila mlango. Hakuna mwiko hata mmoja. Kama ningefungua mdomo wakati ule yasingetoka maneno ya mtu mwenye mjukuu.

Mume wangu alitabasamu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alisimama pale mlangoni, haoni chochote, hajui hata kilichobaki, akatabasamu akasema, "Dada, umefanya kazi kubwa. Pamependeza."

"Si nilikwambia? Njoo ukae basi, mdogo wangu. Kochi lako hilo hapo."

Hilo hapo. Nilitaka kuwahi lakini nilikuwa na begi kila bega. Yeye akaenda kilipokuwa kiti cha kinyozi, hatua tano upande wa kulia, kwa mwendo wake wa siku zote, kifua mbele. Hatua ya tatu akakutana na meza ya kioo. Akaanguka kifudifudi juu yake, chombo cha maua kikabingirika, maji yakamwagikia shati.

"Pole jamani," wifi akasema huku akicheka. "Safari imekuchosha eti. Meza yote hiyo hukuiona?"

"Uchovu tu," mume wangu akajibu. Akainuka. Goti lilikuwa linatoka damu, lakini aling'ang'ania lile tabasamu. "Ngoja nikanawe."

Akageuka akatafuta korido. Akagusa ukuta, akaufuata, akapita uwazi wa korido bila kujua kwa sababu pazia lilikuwa limeufunika, akaendelea mpaka kona. Pale konani akasimama. Akapapasa kushoto, krimu. Akapapasa kulia, krimu. Akabaki ameuelekea ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, maji yanamchuruzika, ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Wifi alikuwa ameacha kucheka. "Anafanya nini?"

"Haoni," nikasema.

"Haoni nini?"

"Haoni chochote. Ni kipofu. Mwaka wa tatu huu."

Mume wangu hakugeuka. Aliegemeza paji la uso ukutani tu, na mabega yakashuka.

Nilitarajia wifi alie. Hakulia, aliwaka. "Miaka mitatu? Mimi niliyemfunga nepi, nasimuliwa leo kama mpita njia? Wewe ni mwanamke wa aina gani? Ndugu yangu anapofuka, wewe unapigilia miiko ukutani?"

"Miiko ilikuwa njia yake ya kwenda jikoni," nikasema, na sauti yangu ikaanza kupanda bila idhini yangu. "Vifungo vilikuwa mlango. Mkeka ulikuwa jikoni, mpira ulikuwa chooni. Kila uchafu uliouona humu ulikuwa neno, na alikuwa anausoma. Viko wapi vitu vyangu?"

Akababaika kidogo. "Vimekwenda na gari la taka. Wiki iliyopita."

"Na kiti chake?"

"Vyote, wifi. Ningejuaje? Mngeniambia ningejua."

Hapo alisema kweli, na ukweli wake ulinizidishia hasira, maana sikuwa na pa kuupeleka. Nilimkasirikia yeye. Nilimkasirikia mume wangu na fahari yake. Nilijikasirikia mimi niliyetii. Labda tungeishia hapo, tukanuna, tukachoka. Lakini wifi yangu akikosea hutafuta kosa jingine kubwa zaidi la kufunikia la kwanza.

"Basi anahamia kwangu," akasema. "Leo hii. Nitamtunza mwenyewe, kama nilivyomtunza. Wewe kazi imekushinda."

"Dada," mume wangu akasema kutoka kule konani.

"Wewe nyamaza. Hujiwezi."

Neno hilo lilinifikisha mwisho. Niliweka mabegi chini moja baada ya jingine. Nilimsogelea wifi, nikamwambia kwa upole ulionishangaza mwenyewe, "Sawa. Mchukue. Ila kwanza jifunge mtandio wako machoni, uende chooni na kurudi. Nyumba umeipamba wewe, kila kitu umekiweka kwa mikono yako. Ukirudi hapa bila kuomba msaada, namfungia nguo zake mwenyewe."

Alinitazama kwa dharau. "Unadhani nitashindwa? Nimekaa humu wiki mbili."

Akajifunga mwenyewe, akakaza fundo. Akanyoosha mikono. Meza ya kioo aliikwepa vizuri, akalipata pazia la korido, akalisukuma, akaingia. Nikamfuata nikasimama mwanzo wa korido, kimya.

Korido yangu ina milango minne. Alikuwa ameipaka yote rangi moja, ameitundikia mapazia ya kitambaa kimoja, ameibadilishia vitasa vyote ili vifanane. Akajaribu wa kwanza, akagusa kitanda, akatoka. Alipotoka akageuka kidogo zaidi ya alivyopaswa. Akaingia tena mlango ule ule, akakigusa kitanda kile kile. Nikasikia pumzi zake zinabadilika. Akarudi koridoni, akapapasa ukuta mmoja, akapapasa wa pili, akalikamata pazia akalichanganya na jingine. Hapakuwa na kitu cha kumwambia alipo. Alihakikisha hilo mwenyewe, kwa brashi, akirudia rangi mara mbili.

"Wifi," akaita.

Sikujibu. Nilikuwa umbali wa hatua tatu na ningeweza kumshika mkono. Sikumshika. Wanaosema ni ukatili wanasema sehemu hii, na siwezi kuwapinga. Nilisimama pale na roho ilikuwa inaburudika.

"Wifi, inatosha. Nimeelewa." Angeweza kuvuta mtandio wakati wowote. Hakuuvuta. Sijui kama ni ubishi au ni kitu kingine. Aliendelea kupapasa, bangili zinalia, kisha sauti ikamkatika, akamwita mume wangu kwa jina lake la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia likitamkwa mbele za watu.

Nikasikia mume wangu anabanduka kwenye kona. Alikuja akiufuata ukuta, akichechemea kwa lile goti, akagonga kochi, akagonga la pili. Akanipita bila kujua kwamba nipo. Aliingia koridoni amenyoosha mkono, na dada yake amenyoosha wake, na mara mbili mikono hiyo ilipishana kwa upana wa kiganja. Mara ya tatu ikashikana.

Alimvuta dada yake kwake. Akampapasa uso kama apapasavyo gurudumu analoletewa kwa mara ya kwanza, akaufikia mtandio, akakuta umelowa.

Dada yake akamng'ang'ania shati. "Mdogo wangu," akasema, "hapa tuko wapi?"

"Sijui, dada," mume wangu akasema. "Zamani nilikuwa najua."