Mji Usio na Lukman

…na maji yakaanzia kwa Lukman, si kwake yeye Yeremia, kwa Lukman, mama mwenye nyumba wanayokuja kuipanga ameinama na jagi mkono huu na beseni mkono huu, anammiminia taratibu, karibu baba, nawa baba, na huyo baba anakunja shati mpaka kwenye kiwiko, anavua saa, anaiweka mfukoni, ananawa kidole kimoja kimoja, loo, mwanaume gani ananawa hivyo, utadhani daktari anaingia kupasua mtu, haya bwana, nawa, yamalize yote, si umekaribishwa… viti ni viwili, vya kamba, cha Lukman, dereva wa kampuni, na cha Bernadeta, na Bernadeta ni mke wa Yeremia, wa ndoa, wa kanisani, miaka kumi na mitatu na watoto wawili, halafu yeye mwenye mke amepewa kigoda, kule pembeni karibu na mlango wa jiko, moshi wote unakuja kwake, kwa sababu huyo mwenye nyumba, mama Paskazia, ameona pikapu ya kampuni ikiingia uwanjani, ameona mwanaume kwenye usukani na mwanamke ubavuni mwake, ameona mwanaume mwingine anaruka kutoka nyuma na vumbi mpaka kwenye kope, akajumlisha mwenyewe, huyu baba, huyu mama, huyu utingo wao, mwadila baba, akaamkia kwa Kisukuma, karibu na mkeo, na utingo wenu naye aje akae, kivuli kipo… na nani alimsahihisha? Hakuna. Bernadeta alicheka. Akacheka! Lukman akainama kutazama tairi ambalo halikuwa na ubaya wowote, na Yeremia akashusha mfuko wa viazi walioununua Usagara, akauweka chini kwa adabu, utingo kabisa.

Choo ni cha ndani au cha nje, mama, anauliza Bernadeta, cha nje mwanangu lakini ni chenu peke yenu, hamchangii na mtu, na maji, maji kisimani pale, hatua mia moja hazifiki… hatua mia moja, na nani atazitembea hizo hatua, si yeye, maana Bernadeta Jumatatu anaripoti kiwanda cha samaki, mkaguzi wa ubora wa minofu, koti jeupe, kofia nyeupe, viatu vya mpira, samaki aina ya sangara wanakatwa asubuhi na kesho yake wako Ulaya kwa ndege, na juu ya kila boksi patakuwa na sahihi yake, B. Magesa, jina la Yeremia hilo, amelibeba yeye kwenda nalo kazini… kule Bunda alikuwa bibi samaki wa wilaya, anazunguka mialoni wanakoshushia samaki, kwa baiskeli, kufukuza watu wa makokoro, zile nyavu haramu, mshahara wa kuchekesha, na Yeremia alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha pamba, miaka kumi na saba, wakulima walikuwa wanamvulia kofia, Bwana Mizani, shikamoo Bwana Mizani, halafu ikaja soko huria, wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao na makarani wao, ikaja barua ya kupunguzwa, mwaka mmoja na miezi minne sasa, na barua ya pili ikaja kwa Bernadeta, ya kuitwa Mwanza… mke akasema sitakwenda peke yangu, twende wote, mji wa kukaa, nyumba na uwanja wake, uchague wewe Baba Queen, kampuni inatoa gari Jumamosi tuzunguke, na yeye akafurahi, akasema sawa, hilo niachie mimi. Hakujua kama gari linakuja na mtu ndani.

Tangu asubuhi anachagua. Anachagua kweli kweli, hajawahi kuchagua kitu kwa uangalifu namna hii, hata mke hakumchagua hivi. Igogo, saa mbili asubuhi, vyumba viwili juu ya mawe, kiwandani ni kushuka tu, dakika ishirini kwa miguu, Bernadeta hahitaji gari la mtu, akasema moyoni ndiyo hapa, hapa hapa, mpaka Lukman aliponyoosha kidole, mimi nakaa pale shemeji, lile bati jekundu, tutakuwa majirani… shemeji! shemeji kwa upande gani, nani aliolewa kwenu, eti ndiyo heshima ya mjini, unamwita mume wa mwenzako kazini shemeji, unajifanya kaka wa mkewe, kaka gani huyo ananukia marashi saa mbili asubuhi… bati jekundu linaonekana toka mlangoni, toka dirishani, hata ukikaa chooni unaliona, basi Igogo hapana, akamwambia Bernadeta mawe haya watoto wataanguka, na Bernadeta akasema kweli, Chenge wetu hatulii yule. Wakaenda Usagara, njia panda, nyumba nzima peke yake, shamba mpaka kwenye mkorosho, hewa, bei nzuri, Lukman hayupo hata kwa harufu, akaanza kutabasamu, halafu Bernadeta akauliza, na kazini nitafika vipi huku, na yule akajibu bila kufikiri, wala usijali madam, gari litakufuata na kukurudisha, zamu zote, mimi mwenyewe nitapanga… dakika hamsini kwenda, Yeremia alihesabu, dakika hamsini kurudi, mara siku sita, alfajiri, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, kiti cha mbele. Usagara hapana, akasema udongo mbaya. Udongo mbaya! Yeye mtoto wa mkulima, amesimama juu ya udongo mweusi wa pamba unaokaribia kulika, anasema mbaya, na Bernadeta akamtazama.

Na hapa Kisesa ni dakika arobaini. Lakini barabara ina mashimo, kwa hiyo ni hamsini na tano, na kwenye mashimo watu wanagusana mabega… Madam karibu, zamu yako, Lukman anasema, na mama Paskazia amehamisha beseni, anamimina kwenye mikono ya Bernadeta sasa, mikono anayoijua kila kovu, hili la mwiba wa sato, hili la sufuria siku Queen anazaliwa, na mikono hiyo hiyo leo ameiona kupitia kioo cha nyuma cha pikapu ikimimina karanga kwenye kiganja cha dereva. Karanga! Alizikaanga jana kwao Bunda, kwa kuni alizopasua Yeremia, akazifunga kwenye gazeti, na njiani akawa anammiminia huyu, kidogo, halafu kidogo tena, mwenzako anaendesha, mkono mmoja hauko huru, ndiyo, anaelewa, mtu yeyote angemmiminia, anaelewa sana… na walikuwa wanacheka nini? Kioo hakipitishi sauti. Alimwona Bernadeta akirudisha kichwa nyuma, meno yote nje, kicheko ambacho nyumbani hajakisikia tangu… tangu lini, tangu barua. Nyumbani siku hizi Bernadeta anacheka kwa kunyatia, anatazama kwanza kama Yeremia amekasirika. Na nafasi mbele ilikuwepo, hiyo ndiyo inamuuma zaidi, kiti cha watu watatu, Bernadeta alisogea kabisa, akapiga pale kwa kiganja, ingia Baba Queen, na ni yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, aliyesema hapana, nitapanda nyuma nione nchi. Nchi gani anayotaka kuiona, amezaliwa kwenye nchi hii! Hakutaka kubanwa katikati ya watu wawili wenye kazi wakizungumza mambo ya kazi juu ya kichwa chake, boksi ngapi, ndege saa ngapi, wazungu wamekataa minofu ya lini, na yeye akiitikia mh, mh.

Kuku yuko kwenye bakuli, ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, unafuka, mama Paskazia anasema watu wa mjini sijui kama mnakula udaga, na Bernadeta anasema mama sisi ndio wenyewe… sisi, sisi kina nani, anamaanisha nani hapo, mbona hasemi, mdomo si anao, angesema tu mama umekosea, mume wangu ni yule kwenye kigoda, sekunde tatu, neno lingekwisha, lakini hapana, alicheka akanitazama… alimtazama Yeremia, ndiyo, ngoja kwanza, alicheka halafu akamtazama, na hakuwa anacheka tena alipomtazama. Lilikuwa ni lile jicho lake la kusubiri. Analijua, ni jicho la siku ya posa, baba mkwe aliuliza nani kati yenu ndiye kijana mwenyewe, na Bernadeta akamtazama vile vile mpaka aliposimama akasema ni mimi. Na yule mshenzi mwenye marashi kuinamia tairi zima, si naye alikuwa anapisha? Wote wawili walimwachia. Uwanja mzima ulimsubiri mwanaume mmoja aseme mama, mimi ndiye mume, maneno manne, na mwanaume akabeba viazi.

Kwa nini hukusema, Yeremia? Hukusema kwa sababu ungesema, na mama huyu angekushika mkono, aah, samahani sana baba, kumbe ni wewe, karibu baba, kaa hapa, na kiti ungepewa, na maji yangeanzia kwako, halafu angeuliza, maana mwenye nyumba lazima aulize, hawezi kumpa mtu nyumba bila kumuuliza… basi. Hilo ndilo. Na kuna kubwa zaidi ya hilo, liko chini yake, na sasa limekwisha kujionyesha halirudi tena, kwamba alipoitwa utingo aliona raha. Mungu wangu. Kitambo kidogo tu, kama cha kukohoa, lakini aliona raha, mtu mzima asiyemjua amemtazama akaona mfanyakazi, mtu aliyetoka nyumbani asubuhi kwa sababu anahitajika mahali, na mwaka mmoja na miezi minne hakuna aliyemtazama hivyo, hata Queen, hata mbwa. Kumbe si mkono wa Lukman kwa Bernadeta uliokuwa unamtoa roho, ni ufunguo wa gari ulio kwenye mkono huo, na si Lukman peke yake, ni Bernadeta pia, mama wa watoto wake, anamwonea wivu mke wake mwenyewe lile koti jeupe ambalo bado hajalivaa, zile alfajiri za baridi, hata hizo dakika hamsini za kiti cha mbele angezipokea yeye akapelekwe popote. Tangu saa mbili anazunguka kutafuta mji wa kumficha Bernadeta, na katika miji yote mitatu hajajitafutia hata mlango mmoja wa kwenda Jumatatu asubuhi.

Baba Queen, Bernadeta anamwita kutoka kwenye kiti chake, mikono inachuruzika maji, sauti safi ya kusikika na kila mtu, unasemaje mume wangu, tuchukue hapa au turudi Igogo? Jagi limesimama hewani. Mama Paskazia amegeuka, anamtazama mtu wa kwenye kigoda, anamtazama Lukman, anamrudia mtu wa kwenye kigoda, amefunika mdomo kwa kiganja, yee, jamani, samahani baba, kumbe… na tayari anakuja na beseni, mbio mbio, maji yanamwagika njiani, anapiga goti mbele yake, na Yeremia ananyoosha mikono kwa sababu hakuna kingine cha kufanya nayo. Igogo karibu na kazi ya mke, Usagara shamba, Kisesa kisima, yote mazuri, yoyote itafaa. Nawa baba, anasema yule mama, utatusamehe, na anamtazama usoni kwa wema, na swali lake Yeremia analiona linakuja, na wewe baba unafanya kazi gani, na hakuna mji, si hapa, si Usagara, si kule juu ya mawe, ambako hataulizwa.