Wifi Aliyefunga Ufukwe

Mimi Balbina sisifu watu ovyo, na wifi yangu Dosinda ndiye niliyedhani nitamsifu mwisho kabisa. Ni dada wa mume wangu, mzito wa maneno, darasa la nne hakulimaliza. Miaka ishirini na sita tumechokora mchanga wa ufukwe wa Lombeira bega kwa bega, maji yakipwa, tukitafuta kombe, wale wa magamba mawili wanaojifukia. Kwa kuchimba nilimshinda siku zote, na sikuacha kumkumbusha.

Novemba ile chama cha wavuvi kilituletea mwalimu, Iria, binti wa mjini mwenye miwani, atufundishe uchumi wa bahari. Tukajazana ghorofani, juu ya ukumbi wa mnada, wanawake arobaini wenye viuno vibovu, tukinong'onezana kwamba mtoto huyu hajawahi kulowa hata magoti. Akamimina maharage arobaini kwenye beseni, akatuita watano mezani.

"Kila mmoja achukue anayotaka," akasema. "Yatakayobaki nitayazidisha mara mbili, kisha mtachukua tena."

Hajafunga mdomo, beseni tupu. Nilikuwa na maharage kumi na tisa na nikayainua juu watu wayaone. Ndivyo tulivyoishi Lombeira: kombe mdogo usipomchukua wewe atamchukua jirani, basi mchukue. Dosinda peke yake mikono yake ilikuwa bado mapajani.

"Wifi, umelala?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nasubiri yaongezeke."

Ukumbi mzima ukacheka. Yeye akaendelea polepole: "Tungechukua ishirini, ishirini yangebaki, yakawa arobaini. Mara ya pili vilevile. Tungekula mpaka tuzeeke, Balbina. Sasa una kumi na tisa, na beseni hatuna."

Kicheko kikakatika. Iria alivua miwani, akaifuta, akamwomba arudie kwa wale wa nyuma.

Tangu hapo Dosinda hakukosa somo hata moja, daftari la mjukuu wake mkononi. Kwenye mnada wetu bei huanzia juu na kushuka, mpaka mnunuzi mmoja abonyeze kitufe. "Wakiona ndoo mia wanakunja mikono, wanasubiri ishuke," alinieleza njiani. "Wakiona ishirini, wanaogopana." Mambo hayo alikuwa ameyaona maisha yake yote. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba alichokiona ni elimu.

Januari akasimama mkutanoni, yeye asiyesimama hata harusini, akatoa hoja. Lombeira ifungwe hadi Desemba. Baada ya hapo kilo tatu kwa mtu kwa siku, basi. Tulinde kwa zamu, na atakayekamatwa akae nje siku kumi na tano za mwanzo, zile za kabla ya Krismasi, ambazo ndizo hutulisha. Nilimpinga kwa sauti kuliko wote. Akashinda kwa tofauti ya kura tatu.

Julai mwanangu Anxo alirudi kutoka Uswisi, mara ya kwanza baada ya miaka minne ya kuosha vyombo hotelini. Kwenye simu alisema kitu kimoja tu: "Mama, nina hamu na wali wako wa kombe." Fukwe zilizobaki wazi zilikuwa na kombe wadogo wa ukubwa wa kucha. Nikapiga hesabu zangu. Siku ya sikukuu ya Bikira wa Karmeli kijiji kizima kiko kwenye maandamano ya kumpeleka kwenye boti, na Dosinda ni mmoja wa wanaobeba sanamu, mwaka wa ishirini huo. Kengele zilipolia nikateremka Lombeira, ndoo chini ya aproni, reki mkononi.

Maji yalikuwa ya bamvua, yamekwenda mbali. Reki ilipozama mara ya kwanza tu, nikatoa kombe wakubwa ambao sikuwaona kwa miaka kumi. Badala ya kuona haya nikafurahi.

"Wifi."

Alikuwa ameketi juu ya jiwe kwa gauni la sikukuu, pindo limechomekwa kwenye buti za mpira. Sanamu hakuibeba.

"Ni wa Anxo," nikasema. "Kilo mbili tu. Siuzi."

"Najua."

"Basi geuka, tazama boti za Bikira."

"Warudishe, Balbina."

Nikawarudisha. Nilidhani yamekwisha, kumbe anatoa daftari mfukoni.

"Dosinda, mimi ni mke wa kaka yako."

"Ndiyo maana. Nikikuachia wewe, kesho nitamwandika nani? Kila mtu hapa ana wifi yake."

Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini aliandika herufi zote za jina langu. Nilimtukana matusi ambayo siyarudii. Anxo alikula wali wa kuku. Dosinda alikuja na pai yake ya dagaa kama kila mwaka, nami sikumpa hata salamu.

Desemba wakafungua. Siku kumi na tano nilisimama barabarani juu, mikono kwapani, nikiwatazama. Walimaliza kilo zao kabla kahawa yangu haijapoa. Nikashuka hadi mnadani: wanunuzi waliozoea kupiga miayo walikuwa wakibonyeza bei ikiwa bado iko juu. Nilimwonea Dosinda wivu, Mungu anisamehe, kisha wivu ukanitoka nikabaki na fahari, kwamba mtu huyu ni wa kwetu.

Siku ya kumi na sita nilijaza ndoo kwa nusu saa. Hakuna kombe hata mmoja aliyepita kwenye pete ya kupimia, ambayo wadogo hupenya. Dosinda alikuwa kando yangu, taratibu kama kawaida yake.

"Wifi, haki ilikuwa yako," nikasema.

"Chimba, maji yanarudi."

Januari, mkutanoni, wakatafuta mkuu wa walinzi. Nikanyoosha mkono. Watu wakaangua kicheko: mwizi awe mlinzi!

"Mwacheni," Dosinda akasema. "Njia za kuibia anazijua zote." Kisha akanigeukia. "Na ukinikuta mimi?"

"Nitakuandika."

Akalisukuma lile daftari la mjukuu wake mpaka mbele yangu. Nikalifungua. Katika orodha ya waliokamatwa, jina lilikuwa moja tu, langu.