Malalamiko ya Mteja: Linagonga

Saa mbili na robo asubuhi ya Jumatatu, Mkurugenzi aliingiza gari lake gereji kwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili. Lilikuwa gari la milango miwili, rangi ya fedha, limekaa chini kiasi kwamba mtu akitaka kumsalimia mwenyewe ni lazima ainame. Mkurugenzi hakungoja salamu. Alikwenda moja kwa moja mapokezi, akaweka ufunguo juu ya kaunta, akasema injini bado inagonga na kwamba safari hii hataki hadithi.

Karani wa mapokezi alikuwa na vidole vyepesi na macho mazito. Aliandika kadi ya kazi huku akijibu simu, akaichapa, akaisogeza mbele ya mteja pamoja na kalamu. Mkurugenzi ni mtu wa kusoma kabla ya kusaini. Hivyo ndivyo alivyofika alipofika. Penye nafasi ya malalamiko ya mteja alikuta maneno mawili: *Gari liligonga.*

Kalamu ilibaki hewani.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Si wewe mwenyewe, bosi?"

"Mimi nimesema li-na-gonga. Injini. Sasa hivi."

Karani akaomba radhi, akafuta "li" ya pili, akaweka "na", akachapa kadi nyingine. Mkurugenzi akasaini, akaondoka bila kuuliza gari litakuwa tayari lini. Wenye magari ya namna ile swali hilo huliuliza mara mbili, na mara ya tatu kwa simu wakiwa njiani.

Katika gereji ile karatasi zilizoharibika hazitupwi. Hupelekwa nyuma kwa mafundi wafutie mikono. Ndivyo kadi ya kwanza ilivyomfikia Sikio.

Sikio alikuwa fundi mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Jina hilo alilipata enzi za bisibisi, alipokuwa akiweka ncha yake kwenye injini na mpini kwenye sikio la kushoto, kisha anakuambia ni beringi ya ngapi inayolalamika. Kompyuta zilikuja zikamkuta, na mpaka leo hazijampita. Alikuwa na kinyongo na magari mapya kwa sababu moja tu: hayana kijiti cha kupimia oili. Ukitaka kujua oili iko kiasi gani, unaegesha gari pasipo na mwinamo, injini ikiwa ya moto, unangoja, kisha skrini inakuambia inachotaka kukuambia. Kijiti unakichomoa, unakifuta, unakirudisha, unakichomoa tena na kukitazama. Hakina mdomo. Skrini ina mdomo, na Sikio hajawahi kukutana na chenye mdomo kisichodanganya.

Aliichukua kadi afute mikono, akaisoma kwanza. Kisha akaenda mapokezi mikono ikiwa vilevile.

"Hii umekosea?"

"Nimekosea, dada. Si unajua hizi simu."

"Yeye alisemaje?"

"Aliuliza nani ameniambia."

Sikio aliikunja ile kadi, akaitia mfukoni. Mtu asiye na neno ukimwandikia uongo anakuambia umekosea. Anayeuliza nani amekuambia anataka kujua habari imefika wapi.

Alirudi kwenye gari, akaliwasha. Injini ikanguruma vizuri, kisha ikaanza. *Ko, ko, ko.* Kimya. *Ko.*

Kule nyuma ya gereji mlinzi aliinuka kwenye kiti chake, akafungua geti dogo, akatazama kushoto na kulia, akalifunga, akakaa. Alifanya hivyo pia safari mbili zilizotangulia. Ilikuwa mazoea, na mlinzi hakuona sababu ya kuyaacha.

Hodi ile kila mtu aliijua. Ilikuwa ya Dumu, mdogo wake Sikio, aliyekuwa akisukuma mkokoteni kutoka gereji hadi gereji akikusanya oili chafu kwenye madumu ya lita ishirini. Siku zote aligonga geti mara tatu, akanyamaza, akagonga mara moja. Tatu za watu wote, moja ya mama yake, ambaye sikio lake la kulia lilikufa zamani na la kushoto lilihitaji kukumbushwa. Alizoea hivyo nyumbani, akaipeleka hodi ya nyumbani kazini. Miezi saba nyuma, saa tisa alasiri, gari lilimgonga barabarani, likamuua papo hapo na kukimbia. Waliokuwepo walisema lilikuwa gari la chini, rangi ya fedha. Namba hakuna aliyeshika, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akitazama oili inayotapakaa asije akateleza.

Gari lilipoletwa mara ya kwanza na injini ikapiga ile tatu na moja, Meneja alisema, "Huyo si Dumu?" kisha akaamuru petroli ibadilishwe. Mara ya pili zikabadilishwa plagi. Sikio mwenyewe alidhani mdogo wake amekuja kumsalimia kazini, kama alivyokuwa akifanya. Marehemu hutumia kilichopo. Hakuwa amejiuliza kwa nini, katika injini zote za mji, achague hii. Sasa alijiuliza, na jibu likampeleka chini ya gari.

Alilipandisha gari kwenye lifti. Bampa ya mbele ilikuwa mpya kuliko gari, na rangi yake ilikuwa nzito kidogo pale inapokutana na taa. Akaweka beseni, akafungua nati ya oili. Injini ile huchukua lita tisa, na ni yeye aliyeitia lita tisa za oili safi wiki tatu kabla. Zilitoka kumi na tatu. Skrini ilikuwa imesema kiwango ni sawa.

Oili iliyotoka haikuwa ya gari moja. Sikio aliinusa, akaisugua kati ya vidole. Ilikuwemo ya mabasi, nyeusi na yenye masizi. Ilikuwemo ya gereji yao wenyewe. Na ilikuwemo ya jenereta ya kiwanda cha mikate, ambayo haikosi chembe za unga. Siku aliyogongwa, Dumu alipita kwenye karakana ya mabasi, akapita kwao, akamalizia kiwanda cha mikate. Sikio ndiye aliyemsaidia kufunga kifuniko cha dumu la pili, akamwambia akaze vizuri lisije likamwagika.

Alimpigia simu mpelelezi wa kesi. Mpelelezi alisema bahati yake nzuri, kwani jalada lingefungwa Ijumaa kwa kukosa gari. Baada ya Ijumaa, hata gari likienda lenyewe kituoni likajisalimisha, halitapata pa kuandikwa.

Mpelelezi alikuja Jumatano. Sikio alikuwa amemleta na mama yake, akamkalisha juu ya dumu tupu karibu na geti la nyuma, mahali penye kivuli. Injini ikawashwa. *Ko, ko, ko.* Kimya. *Ko.*

"Karibu, mwanangu," mama akaitikia. Akamgeukia mpelelezi. "Huyo ndiye, afande. Hiyo ya mwisho ni yangu."

Mpelelezi aliandika. Alitazama bampa, akanusa oili, akakubali kwamba inanukia unga. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri kazi yake ilivyomruhusu.

"Bampa mpya si kosa, mama. Oili nikiipeleka, watauliza ilikaaje miezi saba kwenye injini iliyobadilishwa oili mara mbili. Mimi nitajibu nini?"

"Na anayegonga?" Sikio akauliza. "Si umemsikia?"

"Nimemsikia vizuri kabisa. Lakini marehemu hawezi kuwa shahidi wa kifo chake. Ana maslahi."

Sikio akatoa ile kadi mfukoni, imekunjwa mara nne na ina alama ya kidole cha oili pembeni. Mpelelezi aliisoma mara mbili, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka.

"Hii ingekuwa na saini yake," akasema, "angelala kituoni leoleo."

"Hiyo hakuisaini. Kasaini ya pili."

"Basi hii ni kosa la uchapaji." Alimrudishia kwa upole. "Nileteeni karatasi yoyote yenye muhuri wa gereji inayosema hili gari liligonga. Kabla ya Ijumaa."

Meneja alisikia mazungumzo yale kutoka dirishani kwake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa meneja. Alasiri ile alimpigia Mkurugenzi, wakazungumza dakika arobaini mlango ukiwa umefungwa, na alipotoka alikuwa amebeba laptopu na waya.

Magari yale yana sensa iliyofungwa ubavuni mwa injini, kazi yake kusikiliza. Injini ikigonga, sensa huiambia kompyuta, kompyuta huiambia skrini. Meneja alichomeka waya, akatia programu mpya, na programu ikaifundisha sensa kwamba mapigo matatu, kimya, na pigo moja ni sauti ya kawaida ya gari hilo. Aliifundisha pia kwamba oili ikizidi haijazidi. Ilichukua muda wa kunywa chai. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na laptopu.

Akawasha. *Ko, ko, ko,* ikasema injini. *Ko.* Mlinzi akainuka, akafungua geti. Skrini ikaandika: *Injini sawa. Oili sawa.*

"Limepona," akasema Meneja.

"Si linagonga hapo, unasikia mwenyewe?" akasema Sikio.

"Nasikia. Gari ndilo halisikii, na mteja amekuja kutibu gari."

Alhamisi Mkurugenzi alifika na miwani ya jua, akawa mpole kuliko siku zote. Alimwomba Karani ripoti ya mwisho, na kwa kuwa Karani alikuwa na historia, alimtajia neno kwa neno. Hakutaka *haligongi*. Alisema *haligongi* ni habari ya leo, na yeye gari lake anataka liwe na jina safi tangu mwanzo. Karani akaandika taratibu, kidole kimoja kimoja, simu ikilia bila kupokewa. *Baada ya uchunguzi imethibitika kuwa gari halikugonga.* Safari hii hakukosea hata herufi.

Palikuwa na nafasi ya saini ya fundi. Meneja aliipeleka ripoti nyuma mwenyewe.

"Saini, Sikio. Ni neno la injini tu."

Sikio aliisoma, akamrudishia.

"*Haligongi* ningeweza kusaini. Huo ni uongo wa kifundi, tumezoeana nao. *Halikugonga* sisaini. Mdogo wangu yumo humo ndani anabisha hodi, bosi. Wewe mwenyewe ulimtambua kabla yangu."

"Nilimtambua," Meneja akakubali. "Na nilimpenda Dumu, Mungu anajua. Alikuwa hachafui sakafu."

Akasaini yeye kwa niaba ya fundi, akagonga muhuri. Mkurugenzi alitoa nakala mbili. Moja akaiweka kwenye gari. Ya pili aliipeleka mwenyewe kwa mpelelezi, ambaye alikuwa ameomba karatasi yenye muhuri wa gereji kabla ya Ijumaa, na akaipata. Ilikuwa karatasi ya mwisho katika jalada.

Gari lilichukuliwa Ijumaa saa nne. Mama alikuwa amekuja tena, akakaa juu ya dumu lake tupu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asije. Sikio alisimama kando yake, upande wa sikio lililo hai, na ile kadi ya kwanza mfukoni. Mikono aliifutia kwenye suruali.

Mkurugenzi aliingia, akafunga mlango, akatazama skrini. Akaongeza sauti ya redio. Injini ikawaka, na juu ya redio ikasikika vizuri hata mapokezi, ambako Karani aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

*Ko, ko, ko.*

Mlinzi alifungua geti la nyuma, akatazama kushoto na kulia.

*Ko.*

"Karibu, mwanangu," mama akasema. "Pita, pako wazi."

Gari likatoka kwa geti la mbele. Mama alisikiliza mpaka lilipokata kona, kisha akauliza kama ameingia. Sikio akamwambia bado. Mlinzi, ambaye hakuwa na kazi nyingine, aliliacha geti la nyuma wazi mchana kutwa, akalifunga saa kumi na moja, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya kulifunga.